Kuchimba Magofu kwa Mara ya Kwanza

Huko Gede, karibu na Malindi, Bwana James Kirkman alianza kuchimba magofu mwaka 1948. Kaburi moja la hapo limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Kwa tarehe hiyo, na kwa vigae vya vyombo vya Kichina, umri wa matabaka ya udongo uliweza kukisiwa.

Mwanafunzi aendaye kuchimba hana budi kulijua jambo hili kabla ya kushika mwiko: kigae kilichong'olewa bila mahali pake kuandikwa hupoteza sehemu kubwa ya habari zake. Akiona ukingo wa chombo unachomoza, asiuvute. Aondoe udongo kidogo kidogo kwa mwiko wa mwashi, kisha kwa brashi, na kumwita msimamizi. Kikishapimwa, ndipo hutiwa mfukoni pamoja na kikaratasi chenye nambari ya shimo na ya tabaka. Aandike kwa penseli, kwani wino huyeyuka kwa jasho. Udongo ukibadilika rangi, hata ikiwa ni saa ya kula, aache kuchimba na kutoa habari. Huenda tabaka jingine linaanza, na vigae vya matabaka mawili vikichanganywa ni vigumu mno kuvitenga.

Asisimame ukingoni mwa shimo, maana huporomoka. Achukue kofia, maji ya kutosha na kitu cha kupigia magoti. Jua la pwani ni kali. Vyombo vizuri ni vichache. Siku nyingi huonekana makaa na mifupa ya samaki tu, navyo pia hutiwa mfukoni na kuandikwa.