House na Home: Neno Moja Lawatatiza Wanafunzi wa Kolwezi

Anayepita mjini Kolwezi saa za jioni huwaona vijana, na hata baba na mama wenye watoto wakubwa, wakitoka katika masomo ya Kiingereza na daftari kwapani. Sababu yao yaeleweka. Shaba na kobalti za Lualaba hupakiwa katika malori, zikapita mpaka wa Kasumbalesa na kuingia Zambia, kuelekea bandari za mbali. Na ng'ambo ya mpaka ule Kifaransa hakimfikishi mtu popote. Basi watu wanajifunza.

Katika daftari hizo somo moja halikosekani, nalo ni majina ya makao ya watu: house, home, hut, flat, bungalow, mansion, compound. Mwanafunzi huandika neno, hupiga mstari, na upande wa pili huandika «nyumba». Neno la pili, tena «nyumba». La tatu, «nyumba ndogo»; na hapo tungependa kumwonya mapema, maana akifika Nairobi au Dar es Salaam na kusema kwamba ana nyumba ndogo, watu watamwelewa vingine kabisa, na mkewe hatafurahi.

Maneno mengi katika orodha hiyo hayana matata makubwa. Bungalow ni nyumba isiyo na ghorofa. Neno hilo Waingereza walilitoa Bara Hindi, na maana yake ni nyumba ya namna ya Bengal. Flat ni makao ndani ya jengo kubwa, ambamo jirani yako yu juu ya kichwa chako. Mansion ni jumba la tajiri, lakini asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kukaa, na neno maison, ambalo kila mtoto wa shule ya Kolwezi analijua, ni ndugu yake wa tumbo moja. Twaona basi kwamba Warumi wa kale walifikiri kama wazee wetu waliotoa jina la makao katika kitendo cha kukaa.

Neno hut lataka uangalifu. Kamusi itasema kibanda, nasi hatukatai. Lakini wakati wa ukoloni Waingereza waliziita hut karibu nyumba zote za Waafrika, hata msonge uliojengwa kwa ustadi, wenye paa la nyasi lisilovuja tone. Kisha wakatoza kodi kwa kila hut, na kodi hiyo ikawasukuma wanaume wengi kwenda kutafuta fedha migodini. Mwenye msonge hakuulizwa kama nyumba yake ni kibanda.

Sasa tufike kwenye neno compound, maana hilo lina ukoo na historia ya Katanga. Wataalamu wa lugha hudhani lilitoka kwa Wamalay, ambao kwao kampung ni kijiji, chenye mume, mke, watoto na kuku. Lakini lilipofika Kimberley, Afrika ya Kusini, katika machimbo ya almasi ya miaka ya 1880, likawa jina la ua uliozungushiwa ukuta, ambamo wanaume bila wake zao walifungiwa mpaka muda wa mkataba uishe. Kutoka huko neno likapanda kaskazini pamoja na migodi, na huko Zambia likageuka kuwa komboni, ambalo leo ni jina la mitaa ya watu wa kawaida.

Upande wetu wa mpaka jina lilikuwa kambi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwanzoni nayo iliwaleta wanaume peke yao kutoka mbali, kwa mikataba mifupi. Wengi waliugua, wengi walikufa, wengi walitoroka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 wakubwa wa kampuni walibadili shauri: mfanyakazi apewe mkataba wa miaka mitatu, aje na mke, apate posho, hospitali, na shule ya watoto. Kolwezi yenyewe, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1930, ilikuwa mtoto wa shauri hilo. Wazee wa Musonoi au wa Kapata waweza kusimulia bado: nyumba za matofali zilizopangwa mistari kama askari, zote zafanana, na jirani wa kulia Mluba, wa kushoto Lunda, wa mbele mtu wa Kasai. Katika mistari hiyo ndimo Kiswahili cha Katanga kilimokua.

Hata hivyo nyumba ya kambi ilikuwa na kamba yake. Ilikuwa ya kampuni, wala si ya aliyelala ndani. Baba akiacha kazi, nyumba ilikwenda pamoja na kazi. Na hata serikali ilipoitwaa kampuni mwaka 1967, na baadaye jina likawa Gécamines, mazoea hayo hayakukoma mara moja. Ndiyo maana mtu mwenye busara alijitahidi kununua parseli, yaani kiwanja chake mwenyewe nje ya kambi, akafyatua matofali kwa udongo wa kichuguu, ambao katika nchi ile ni udongo mzuri sana, akajenga chumba kimoja, kisha cha pili. Nyumba hiyo labda ilikuwa duni kuliko ile ya kampuni. Lakini hakuna karani wa kuja kudai ufunguo.

Hapo ndipo tunapolifikia neno lililobaki katika daftari, neno home. Mwalimu huwaambia wanafunzi kwamba house ni jengo, na home ni mahali mtu anapojiona ni pake. Wanafunzi huitikia, kisha huandika «nyumba» katika mistari yote miwili.

Hatuwalaumu, maana walijifunza kwanza kwa Kifaransa, na Kifaransa hakina neno lililo sawa na hilo. Kina foyer, mahali pa moto. Lakini kwa mama wazee wa Kolwezi, foyer yakumbusha pia ile nyumba ya kambi ambamo walifundishwa kushona na kupika. Mfaransa akitaka kusema home husema chez nous. Na chez hilo, ajabu yake, lilitoka katika neno la Kilatini casa, yaani kibanda. Kumbe neno la nyumba limepoteza kuta na paa, likabaki kuonyesha mahali pa watu tu. Sisi tulikuwa nalo tangu zamani: chez nous ni «kwetu». Na mtu wa Kolwezi husema mu nyumba akiwa na maana ya ndani ya jengo, lakini ku nyumba akiwa na maana ya huko anakorudi jioni. Herufi moja tu, na tayari ametenga house na home, pengine kwa usafi kuliko Mwingereza. Mwanafunzi akilishika jambo hilo hatakosea tena kusema «I go to home», kosa la kila darasa. Home haitaki to, kama vile nasi tusivyosema «naenda kwa nyumbani».

Lakini kulijua neno ni jambo moja. Katika Kolwezi kumekuwa na miaka ambapo watu waliambiwa na wengine home yao iko wapi. Mwaka 1992 huko Likasi, na mwaka 1993 Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Makumi ya maelfu waliondoshwa, wakakaa kwenye stesheni ya gari moshi wakingoja mabehewa, na wengi wao, hasa watoto, walikufa njiani au katika kungoja kule. Waliambiwa warudi kwao. Wengi wao walizaliwa katika kambi za Katanga, kutoka kwa baba aliyezaliwa kambini vilevile, na Kasai hawakuwahi kuiona. Walikuwa wakirudi mahali ambapo hawakupata kutoka.

Kisha ikaja zamu ya wenye parseli. Mwaka 2014 habari zilienea katika mtaa wa Kasulo kwamba chini ya nyumba mna madini ya kobalti. Watu wakaanza kuchimba uani, jikoni, na hata ndani ya chumba cha kulala. Mashimo yakashuka mita nyingi, na mengine yakawafukia waliokuwamo. Ni jambo la kusikitisha, lakini nani angemkataza baba mwenye ada za shule za kulipa, naye amelalia mali? Mwaka 2017 wakuu wa jimbo waliitoa sehemu ya Kasulo kwa kampuni ya Congo Dongfang Mining. Familia mia kadhaa zikahamishwa, na eneo likazungushiwa ukuta. Nyumba zilizotazamiwa kuwa za watoto na wajukuu zikahesabiwa na kubomolewa.

Katika mtaa wa Cité Gécamines, ulio kando ya mgodi wa kampuni ya COMMUS, yaliyotokea yameelezwa katika taarifa ya mwaka 2023 ya Amnesty International na shirika la IBGDH la Kolwezi. Wakazi wengine, yasema taarifa hiyo, waliona kwanza alama nyekundu za msalaba zimepakwa katika kuta zao, kabla ya kuelezwa vizuri. Waliohamishwa walilalamika kwamba fedha walizopewa hazikutosha kununua nyumba iliyo sawa na ile waliyoiacha, yenye vyumba vikubwa, maji ya bomba na umeme, na wengine wakaishia pembeni mwa mji pasipo maji wala taa. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya kampuni, akastahimili mpaka akaipata iwe yake, ameiona ikiondoka mara ya pili.

Karani wa fidia ana safu za house katika karatasi yake: vyumba vingapi, matofali ya namna gani, mabati, choo, miti ya maembe. Safu ya home hana, wala hatujui angeandika nini ndani yake: jirani aliyekuzalia mtoto mikononi mwake usiku wa mvua, au njia ya miguu hadi kanisani? Mwingereza akisimulia mambo hayo hatasema watu wametolewa katika houses zao. Atasema homes, kwa wingi.

Mwanafunzi wetu ametuuliza aandike nini basi mbele ya neno lile. Tumemshauri afute «nyumba», aandike «kwetu», kisha atunge sentensi tatu za mfano. Ya kwanza ameitunga vizuri. Ya pili ilikuwa juu ya mjomba wake wa Kasulo, naye akatuomba ruhusa aimalizie kwa Kiswahili.