Gugu lililokosa manyoya

Kwenye majaruba ya mpunga ya Afrika Mashariki, Eclipta prostrata ni gugu la kawaida kandokando ya matuta na mifereji. Shina lake lenye wekundu hutambaa au husimama, na kila kifundo kinachogusa tope huweza kutoa mizizi. Majani ni membamba, yamekaa mawili mawili yakitazamana, na vinywele vyake vifupi hukwaruza kidole. Ukiyaponda, utomvu hugeuka mweusi. Kinachoonekana kuwa ua moja jeupe, lisilofika upana wa kifungo cha shati, ni maua mengi yaliyosongamana: ya pembeni yana ulimi mwembamba, ya katikati ni vijirija. Hapo ndipo undugu wake na alizeti unapojulikana.

Siri ya makazi yake, kwa maoni yangu, imo kwenye mbegu. Ndugu zake wengi, mchunga mmojawapo, wana mbegu zenye manyoya meupe ya kupeperukia. Za Eclipta ni fupi, zina vinundu, na kileleni zina vijimeno tu visivyoweza kudaka upepo. Si kasoro hata kidogo. Upepo ungezimwaga popote, hata kilimani pakavu. Maji yanayotoka jaruba moja kwenda jingine huzifikisha mahali panapofanana na zilikotoka. Mtu atauliza: bila manyoya, limeeneaje karibu nchi zote za joto? Tope hushika kwato, majembe na nyayo, na mbegu za mpunga zisizopepetwa vizuri husafiri na wageni wake. Mwingine atasema ameliona uani, mbali na bwawa. Achunguze kama hapana bomba linalovuja, au bonde dogo ambapo maji ya mvua hutuama.

Tena, si mmea wa kilindini. Mbegu zake huhitaji mwanga ili ziote, na zikifukiwa hata kidogo hazichomozi. Zinachongoja ni tope lililo wazi. Ndiyo maana mkulima anayemwaga mpunga kwenye tope tupu hupata kazi kubwa ya palizi kuliko aliyepandikiza miche na kufunika jaruba kwa maji mapema. Ila asichelewe: likishakomaa, gugu hili hutengeneza ndani ya shina na mizizi nafasi za kupitishia hewa, na maji yaleyale hayalisumbui tena.