Kosa Langu Lilikuwa Limeshaandikwa

Nilikuwa mwaka wa nne, wiki ya pili ya rotesheni kwenye wodi ya wanaume. Jioni moja mgonjwa alitakiwa kupewa seftriaksoni. Dawa ile huja ikiwa unga, unaiyeyusha kwa maji ya sindano. Nikanyoosha mkono kwenye trei, nikachukua ampuli ya plastiki ya mililita 10, nikaanza kuvuta kwa bomba. Sista wa zamu, mama mtu mzima aliyekuwa anaandika faili pembeni, akaniambia bila kupandisha sauti: "Mwanangu, hebu nisomee hiyo."

Nikasoma. Potasiamu kloraidi.

Kwa ndugu zangu wa sheria na biashara, nieleze kidogo. Potasiamu ile nzito huchanganywa kwanza kwenye dripu na kupewa taratibu. Ukiisukuma moja kwa moja kwenye mshipa inaweza kusimamisha moyo. Ampuli yake na ya maji zilikuwa na umbo moja, ukubwa mmoja, zimelala trei moja. Sista akaichukua mkononi mwangu, akanipa ya maji. "Soma unapochukua, soma unapovuta, soma kabla hujachoma," akasema, akarudi kwenye faili lake.

Mgonjwa akapata dawa yake salama. Mimi nikarudi hosteli nikanyamaza. Ukiwa mwanafunzi unawaza sapu, unawaza kudisko, unawaza watakavyokucheka kwenye grupu la darasa. Siku kumi baadaye mwenzangu wa kundi lingine akachukua ampuli ileile, kwenye trei ileile. Naye aliwahiwa. Aliponisimulia huku mikono inamtetemeka, nilijua kwamba ningesema mapema, trei ile ingekuwa imeshapangwa upya.

Usiku huo ndipo nilipoingia mtandaoni kutafuta, si madesa ya mtihani, bali kama kuna mtu yeyote duniani aliyewahi kufanya nilichofanya. Wapo, tena wengi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa orodha ya masuluhisho tisa ya usalama wa mgonjwa. Mojawapo linahusu kudhibiti dawa nzito za chumvichumvi, potasiamu ikiwemo: zisikae ovyo wodini, zitengwe, ziwekewe alama. Jingine linahusu dawa zenye majina yanayofanana kwa macho au kwa sauti. Kosa langu lilikuwa limeshaandikwa, na dawa yake imeandikwa, miaka mingi kabla sijaingia chuo. Na ni bure kusoma.

Hapa nataka kueleza nilichokikuta, ili wewe usisubiri kuponea chupuchupu ndipo ukitafute.

Cha kwanza ni mtaala wa usalama wa mgonjwa uliotolewa na WHO mwaka 2011. Umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari, uuguzi, ukunga, famasia na meno kwa pamoja. Una mada 11, kuanzia maana ya usalama wa mgonjwa, kufanya kazi kama timu na kujifunza kutokana na makosa, hadi kuzuia maambukizi na usalama wa dawa. Ukiwa huna muda, anza na mada ya kujifunza kutokana na makosa. Inafundisha kubadilisha swali. Sisi tumezoea kuuliza "nani kafanya?" Mtaala unauliza "ilikuwaje ikawezekana?" Mimi nilikosea, sikatai. Lakini kuna aliyenunua ampuli zinazofanana, kuna aliyezichanganya, na kuna ratiba iliyoniweka wodini tangu asubuhi.

Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason alilifananisha jambo hili na vipande vya jibini vyenye matundu: matundu yakipangana mstari mmoja, hatari inapenya. Mimi naona mfano wa vyandarua vichakavu vilivyopandana. Kila kimoja kina tundu, ila mbu hapiti mpaka matundu yakutane. Siku ile chandarua cha mwisho kilikuwa sista.

Cha pili ni orodha ya ukaguzi ya upasuaji, iliyozinduliwa na WHO mwaka 2008. Ni ukurasa mmoja, vipengele 19, katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani. London ilikuwepo, Seattle ilikuwepo, na Ifakara yetu ilikuwepo. Matokeo yalitoka Januari 2009: kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa hiyo mtu akikwambia haya ni mambo ya Wazungu wenye mashine, mjibu kwamba Ifakara imo. Kipengele ninachokipenda ni kile cha kila mtu chumbani kujitambulisha kwa jina na kazi yake. Aliyeshasema jina lake mbele ya bingwa hashindwi kusema, "Dokta, samahani, nadhani ni mguu wa kushoto."

Cha tatu ni orodha za taasisi ya Marekani iitwayo ISMP, inayoshughulika na makosa ya dawa tu. Wana orodha ya dawa za hatari kubwa, yaani zile ambazo ukikosea mara moja madhara yake ni mazito. Insulini imo, heparini imo, potasiamu imo. Chapisha, bandika ukutani juu ya kitanda chako. Inasaidia hata kwenye UE.

Sasa, tahadhari. Baadhi ya ushauri wa huko umeandikwa kwa hospitali zenye mfamasia kila wodi na kifaa cha kusoma lebo za dawa. Usiutupe kwa sababu hiyo, chukua kiini chake. Kutenga potasiamu hakuhitaji mashine, kunahitaji boksi na kalamu ya wino mwekundu. Pia, dozi ufuate mwongozo wa matibabu wa nchi yako, na uangalie mwaka wa toleo kabla hujaamini. Kuhusu bando, nyaraka hizi nyingi ni PDF: pakua mara moja kwa Wi-Fi ya maktaba, soma ukiwa kitandani.

Halafu ujue pa kupeleka taarifa. Dawa ikimletea mgonjwa madhara, Tanzania taarifa inakwenda TMDA, kwa fomu ya njano au kwa njia ya mtandao. Kenya inakwenda Pharmacy and Poisons Board. Lakini kosa la nusura kama langu, lililowahiwa kabla halijamdhuru mtu, lianzie kwa msimamizi wa wodi. Usilipeleke kwenye grupu la WhatsApp, na picha ya faili la mgonjwa usiipige kabisa.

Mimi na mwenzangu tulikwenda kwa msimamizi pamoja, tumbo linaunguruma. Nilitegemea kufokewa. Alisikiliza, akauliza ampuli zilikuwa zimekaaje, akatutuma tulete trei. Jioni hiyohiyo potasiamu ilihamia kabati la kufuli. Alichonisema ni kimoja tu: "Mbona hukuja wiki iliyopita?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Tarehe 17 Septemba ni Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, tangu mwaka 2019. Ninaiomba serikali yetu ya wanafunzi kitu kidogo. Mwaka huu tusiishie kwenye fulana na picha. Tukae ukumbini saa moja tu, kila aliyeshapita wodini aeleze kosa lake moja la nusura, bila kutaja mgonjwa wala hospitali. Nipeni nafasi ya kuanza.