Mahindi Yameingia Ndani: Je, Yamekauka?



Mavuno yameanza kuingia majumbani. Katika sehemu zetu za katikati ya nchi, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu, chakula tunachokiweka ndani kati ya Mei na Julai ndicho kitakachotulisha kiangazi chote mpaka mwakani. Kwa hiyo mwezi huu tunaacha kidogo habari za malaria na kuhara, tuzungumze habari za kihenge.

Sababu ni swali tuliloulizwa na mama mmoja baada ya semina kigangoni. Alisema: "Sisi mahindi yakiota ukungu hatuyatupi. Tunayaosha, tunayaanika, tunayasaga. Si yanapikwa kwa moto? Ukungu hauungui?" Kina mama wenzake waliitikia kwa vichwa, maana karibu wote ndivyo wanavyofanya.

Ukungu huungua. Sumu yake haiungui. Hapo ndipo penye hatari.

Kuna ukungu wa rangi ya kijani na manjano unaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zenye unyevu. Ukungu huo hutoa sumu ambayo wataalamu huiita aflatoksini, na kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu. Ilijulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa huko Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga zilizoharibika. Sumu hii haina harufu wala ladha. Ugali wake ni ugali kama mwingine. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuimalizi, wala kuchachusha pombe hakuifanyi kinywaji salama.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake nchini Kenya, waliugua watu 317 na kufa 125, kwa kula mahindi ya mashamba yao wenyewe yaliyowekwa ndani ya nyumba yakiwa bado na maji. Hapa kwetu, mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68 na 20 kati yao wakafariki. Wagonjwa walitapika, wakaumwa tumbo, wengine wakavimba tumbo na macho kuwa ya manjano. Mtu yeyote nyumbani akionyesha dalili hizo, hasa wakiwa wawili au watatu kwa pamoja, msikae kusubiri wala kutafuta aliyewaroga. Wapelekeni hospitali, na mchukue kidogo cha unga au mahindi mliyokuwa mkila ili mganga ayaone.

Wengi wetu lakini hatutaugua kwa ghafla namna hiyo. Tutakula kidogo kidogo kwa miaka, na madhara yatajificha kwenye ini. Sumukuvu huleta saratani ya ini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. (Chanjo ya homa hiyo hutolewa kwa watoto wachanga hapa nchini tangu mwaka 2002, mzazi asiache hata sindano moja.) Sumu hii imekutwa katika damu ya watoto wadogo wa Tanzania, na huongezeka wanapoanza kula uji na ugali.

Hapa inatubidi tukiri jambo. Kwa miaka mingi sisi wa kliniki tumewafundisha kina mama kutengeneza unga wa lishe wa mahindi na karanga. Fundisho hilo ni jema na hatulifuti. Lakini hatukusema vya kutosha kuhusu karanga zenyewe. Tumekuta mama anachagua karanga nzuri akauze sokoni, zile zilizosinyaa na kubadilika rangi anazisaga kwa ajili ya mtoto, maana zikisagwa hazionekani. Mama huyo hana roho mbaya, anatafuta ada ya shule. Ila amempa aliye mdogo kuliko wote sehemu yenye sumu kuliko zote. Ndugu mama, geuza: za mtoto zichaguliwe kwanza. Na wakati wa kubangua, tusinyunyize maji ili maganda yalainike. Kazi huwa rahisi siku hiyo, lakini maji yale ndiyo yanayoamsha ukungu.

Sasa tuje kwenye kukausha, maana dawa ya ukungu ni ukavu. Mahindi yamekomaa ukichomoa punje ukaona doa jeusi kwenye kitako chake. Yakikauka shambani yavunwe mapema, yasiachwe yakaanguka chini na kuliwa na mchwa. Tusiyamwage juu ya udongo mtupu, kwa sababu ukungu huo makao yake ni udongoni. Tutumie turubai, jamvi safi au kichanja kilichoinuliwa. Jioni yafunikwe au yaingizwe ndani. Umande wa usiku mmoja hurudisha kazi ya mchana mzima. Yakishakauka ndipo tupukuchue, na tupukuchue kwa mikono au kwa mashine iliyorekebishwa vizuri. Kuyapiga kwa fimbo ndani ya gunia huvunja punje, na punje iliyovunjika ni mlango wazi.

Wengi hupima ukavu kwa kung'ata punje. Si vibaya, lakini meno ya baba si meno ya bibi. Ipo njia nyingine isiyo na gharama. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia mahindi mpaka theluthi moja, ongeza chumvi kavu vijiko vichache, funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Isiponata, maji yamepungua chini ya asilimia 15. Kwa kuwa kihengeni tunataka asilimia 13 hivi, ongeza siku moja au mbili za jua hata hapo. Chumvi yenyewe ianike kwanza, kwani ile iliyolowa kwa mvuke wa jikoni itakudanganya.

Adui wa pili ni dumuzi, yule mdudu tuliyeletewa kutoka Amerika, akaonekana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengine wakamwita Skania. Akitoboa punje huacha unga na joto, na ukungu hufuata. Siku hizi ipo mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo mdudu akifungiwa ndani hufa bila dawa yoyote. Bei yake ni kubwa kuliko ya gunia la kawaida, lakini ukiitunza isitoboke huitumia zaidi ya msimu mmoja. Angalieni tu: mahindi mabichi yakifungwa humo yataoza yote. Wanaotumia dawa ya unga wanunue ile ya kuhifadhia nafaka, na wasubiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kula. Dawa ya pamba isiguse chakula kabisa, hata kama imebaki nusu chupa na inauma kuitupa.

Kihenge si cha mahindi peke yake. Majani ya kunde, ya maboga, kisamvu na mlenda ambayo leo yapo kila mahali, mwezi wa Oktoba hayatapatikana hata kwa fedha. Bibi zetu waliyakausha, nasi tuendelee, ila kwa marekebisho mawili. Kwanza, tuyaoshe na kuyatumbukiza katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili au tatu, kisha tuyachuje. Pili, tuyakaushe kivulini penye upepo, juu ya kichanja, yamefunikwa kitambaa chepesi kuzuia inzi na vumbi. Jua kali huunguza vitamini A, ambayo mtoto anaihitaji kwa macho yake na kwa kupigana na maradhi. Kilo 10 za majani hubaki kilo moja hivi, kwa hiyo msishangae uchache wake. Yawekwe kwenye chombo chenye kifuniko, mahali penye giza, na siku ya kuyapika yatiwe mafuta kidogo au karanga nzuri, kwa sababu vitamini hiyo huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Wenzetu wa Usukuma wenye michembe na matobolwa yao hawahitaji kufundishwa lolote na ukurasa huu.

Turudi kwa yule mama. Baada ya maelezo aliuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini: "Na kama gunia lenye ukungu ndilo la mwisho?"

Tunajua kumwaga gunia si jambo dogo. Kama gunia zima limevunda, limeshikana mabonge na kubadilika rangi, halifai, lifukiwe. Lakini mara nyingi sumu imekaa kwenye punje chache tu. Yamwageni kwenye ungo, mpepete, mchambue punje kwa punje mchana penye mwanga, mkiondoa zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye rangi na zilizotobolewa. Kisha yakobolewe. Sisi ndio tunaosifu dona kila siku, na bado tunaisifu, lakini dona ni ya mahindi safi. Yenye mashaka yakobolewe, maana sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Kufanya hivyo hupunguza sumu sana, hakuiondoi yote. Basi unga huo usiwe wa uji wa mtoto. Kwa mtoto ombeni hata debe moja zuri kwa jirani au kwenye jumuiya. Pumba na punje zilizochambuliwa asipewe kuku wala ng'ombe, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa, na zisipelekwe kwa wapika pombe.

Wala zisiletwe kanisani. Tunasema hili kwa upole. Katika parokia moja tulisaidia kufungua magunia ya sadaka ya mavuno, na baadhi yalikuwa na yale ambayo mwenye nyumba alishindwa kuyala. Mahindi hayo yalikuwa yanakwenda kwa watoto yatima na wagonjwa.

Kuanzia mwezi huu, kila Jumamosi ya mwanzo wa mwezi, ingizeni mkono mpaka katikati ya gunia la kawaida au kihenge. Mkihisi joto au unyevu, au mkisikia harufu ya uvundo, msingoje Jumatatu: yote yatolewe juani siku hiyo hiyo.