Maumivu ya ghafla ya tumbo kwa msichana: Altrasaundi isingoje kesho

Msichana akilalamikia tumbo la chini, wengi nyumbani hufikiria hedhi, malaria au homa ya matumbo. Hununuliwa dawa ya maumivu kwa kemisti, akaambiwa alale. Lakini kuna hali moja ambayo ikingojewa hadi asubuhi inaweza kumpotezea ovari: kujisokota kwa ovari.

Hutokeaje?

Msichana ana ovari mbili, moja kila upande wa mji wa mimba. Hushikiliwa na kano zenye mishipa ya damu. Ovari ikizunguka, kano hujisokota kama kamba. Kwanza damu hushindwa kutoka na ovari huvimba, kisha hata damu inayoingia huzuiwa. Mara nyingi chanzo ni uvimbe wenye maji, ila kwa watoto hata ovari isiyo na kasoro inaweza kujisokota, kabla ya hedhi ya kwanza.

Dalili

Maumivu makali huanza ghafla, mara nyingi upande mmoja wa tumbo la chini, pamoja na kichefuchefu au kutapika. Yanaweza kupungua kisha yakarudi. Kupungua huko si kupona. Yakiwa upande wa kulia, hufanana sana na ya kidole tumbo.

Altrasaundi huonyesha nini?

Kipimo hiki hutumia mawimbi ya sauti, si miale ya eksirei. Kwa msichana ambaye hajaanza kujamiiana, kifaa hupitishwa juu ya ngozi ya tumbo iliyopakwa jeli. Hakuna kinachoingizwa mwilini. Kibofu chenye mkojo husaidia ovari kuonekana, hivyo mhudumu aulizwe kabla msichana hajaenda msalani.

Mpimaji hulinganisha ovari zote mbili. Iliyojisokota huwa kubwa kuliko mwenzake, na vifuko vidogo vya mayai huwa vimesukumwa pembeni. Kipimo cha Doppler huonyesha mtiririko wa damu. Hata hivyo, damu kuonekana haiondoi hatari. Maumivu yakiendelea, daktari anaweza kuamua kufanya upasuaji, ambao ndio huthibitisha tatizo. Ovari hunyooshwa, na hata iliyobadilika rangi mara nyingi hupona bila kuondolewa.

Wazazi na walezi wafanye nini?

• Mfikisheni msichana hospitalini mara moja, hata usiku. Kwa wakazi wa Burumba, Mayenje, Busibwabo na Matayos Kusini, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko mjini Busia.

• Msimpe chakula njiani, kwani huenda akahitaji upasuaji.

• Mwelezeni daktari saa maumivu yalipoanza, na kama yamewahi kuja na kupotea.

• Akipimwa ujauzito, msimgombeze. Ni kipimo cha kawaida kwa msichana aliyefikia umri wa hedhi mwenye maumivu ya tumbo, na si tuhuma.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo, familia zinahimizwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) na kuwaandikisha watoto wao mapema.

Walimu nao wanaombwa kutomwacha mwanafunzi alale bwenini na maumivu ya aina hii. Msichana akisema tumbo limemshika ghafla na anatapika, apelekwe hospitalini akapimwe.