Samaki wa Moshi na Macho ya Mama

Mpwa wangu aishiye Houston, huko Marekani, alinipigia simu majuzi akanisimulia jinsi majirani zake wanavyoshinda uani kutwa nzima wakipika mbavu za nguruwe kwa moshi wa kuni. "Usitishike, Mjomba," akaniambia huku akicheka, "mimi nilinunua mbavu za ng'ombe kwa mchinjaji wa Kiislamu, nikaziweka motoni kwa muda wa saa saba. Ladha yake haina mfano!"

Alidhani amenipa habari mpya. Nikamjibu, "Mwanangu, elimu hiyo umeiacha nyumbani kwa nyanyako."

Naam, msomaji, sisi watu wa pwani twajua kubanika tangu jadi. Kabla ya barafu kutufikia, samaki aliyezidi alikuwa na njia tatu: jua, chumvi na moshi. Wa jua na chumvi ndio ng'onda na papa mkavu. Wa moshi, katika kijiji chetu kusini ya Mombasa, alikuwa ni kazi ya mamangu.

Mama alikuwa akichagua mkizi au nguru mbichi, samaki mwenye mafuta. Akimpasua mgongoni, akitoa matumbo na mashavu, akimwosha, kisha akimlaza katika maji ya chumvi kwa kiasi cha saa moja. Baadaye humtundika kivulini, upepo umpige mpaka ngozi ikauke na kushikashika kidole. Samaki akiingia motoni na umajimaji, husema Mama, hupikika kwa mvuke na moshi haumkolei.

Moto nao una adabu yake. Ndimi hazitakiwi, bali makaa yaliyofunikwa makumbi ya nazi yenye unyevu kidogo, yafuke taratibu. Chumvi hunyonya maji, joto hukausha, na moshi wenyewe una vitu vinavyozuia vijidudu na kuchelewesha mafuta ya samaki yasichache. Baada ya saa tatu au nne samaki huwa na rangi ya dhahabu, na nyama huachana na mfupa kwa hiari. Samaki huyo laini hakai zaidi ya siku mbili tatu; wa kuwekwa sana hurudishwa motoni mpaka awe mkavu kabisa.

Chema chajiuza, na samaki wa Mama hakutembezwa. Kwa fedha zake nilinunuliwa kanzu ya chuoni na daftari za skuli.

Walakini, uchanja wake ulikuwa ndani ya jiko la makuti lisilo na dirisha. Usiku tulimsikia akikohoa, asubuhi tulimwona akifikicha macho, nasi tukisema ni kawaida ya wapishi. Leo jicho lake moja limezimika, na la pili laona kivuli tu. Siwezi kuapa kwamba moshi ndio uliomfanya hivyo. Ila Shirika la Afya Duniani limeutaja moshi wa jikoni miongoni mwa sababu za maradhi ya mapafu, ya moyo, na za mtoto wa jicho. Nalo lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Moshi uliomhifadhi samaki haukumhifadhi mwenye kuuchochea.

Basi je, tuiache kazi hii? La hasha! Wenzetu wa Chorkor, karibu na Accra nchini Ghana, walipata dawa yake zamani: tanuri la kuta za udongo, na juu yake fremu za mbao zilizotandwa wavu wa waya, zikipangwa moja juu ya nyingine hata zikawa kama dohani. Kuni huliwa kidogo na samaki huwa wengi. Na mwaka 2008, huko Thiaroye nchini Senegal, likabuniwa tanuri lenye sinia ya kukinga mafuta. Mafuta yakidondokea makaani hutoa moshi wenye sumu zinazoweza kuleta saratani, nao humrudia samaki.

Binti yangu aliponiambia ataka kujifunza kazi ya nyanyake, nilimjengea tanuri la udongo uani, penye upepo. Nikamwekea masharti: asichome mbao zenye rangi wala plastiki, na asimame upande utokao upepo.

Jumamosi iliyopita tulimtoa Mama, tukamkalisha kitini mbali na moshi. Binti akauliza, "Nyanya, wameiva?" Mama akainua uso, akavuta pumzi mara moja. "Bado," akasema. "Waache kidogo."

Tukawaacha. Alipotuambia tuwatoe, walikuwa vile vile kama wa utotoni mwangu.