Kuongeza Sauti na Kupaza Sauti: Tatizo la Istilahi za Vidhibiti vya MIDI katika Muziki wa Okestra

1.0 Utangulizi

Neno sauti limebebeshwa mzigo mzito katika Kiswahili. Mwanafonetiki hulitumia kwa maana ya foni. Mwalimu wa kwaya kwa maana ya mojawapo ya nafasi nne za waimbaji wake. Mwanasiasa kwa maana ya haki ya kusikilizwa. Na abiria wa daladala anayemwambia dereva "ongeza sauti" ana maana ya kiasi cha mlio unaotoka katika spika. Kwa kawaida muktadha huondoa utata. Hata hivyo, upo uwanja mmoja ambamo muktadha hausaidii, nao ni utengenezaji wa muziki wa okestra kwa kompyuta. Humo mna vidhibiti vitatu vyenye kazi tofauti, na fundi wa studio akiulizwa kwa Kiswahili kila kimoja kinafanya nini, jibu linalomjia ni lilelile: kinaongeza sauti.

Makala haya yanakusudia kueleza vidhibiti hivyo vitatu, kisha kuonyesha kwamba tofauti iliyo muhimu zaidi kati yao imo tayari katika msamiati wetu, yaani tofauti kati ya kuongeza sauti na kupaza sauti. Tunashikilia kwamba istilahi zijengwe juu ya vitenzi hivyo, wala si kwa kutafsiri majina ya Kiingereza, ambayo, kama tutakavyoona, yanapotosha hata wenyewe.

2.0 Fidla, kinanda na noti inayodumu

Vikundi vya taarab vya Dar es Salaam vya kizazi cha Egyptian Musical Club na Al-Watan Musical Club vilikuwa na wapiga fidla walioketi pamoja na wapigaji wa udi, ganuni na akodiani. Katika miaka ya 1990, vikundi vya taarab ya kisasa kama East African Melody viliikabidhi sehemu kubwa ya kazi ya fidla kwa kinanda cha umeme. Mabadiliko hayo yamezungumzwa mno kwa upande wa mashairi na mipasho. Upande wa mlio haujapewa uzito uleule, ingawa ndiko msikilizaji mkongwe anakolalamika kwamba fidla za kinanda "zimekufa". Lalamiko hilo si la wivu wa wazee. Lina sababu ya kiufundi.

Mpiga fidla hana budi kuuvuta uta muda wote ambao noti inadumu, na katika muda huo anaweza kuukandamiza au kuulegeza, kuuharakisha au kuupunguza mwendo. Noti moja huweza kuanza kama pumzi, ikavimba, kisha ikafifia. Mpiga kinanda hana nafasi hiyo. Kidole kikishabonyeza, amekwisha kusema yote aliyokuwa nayo. Kwa lugha ya fonetiki, noti ya piano ni kama kipasuo: nguvu yake huamuliwa pale pale hewa inapoachiwa. Noti ya fidla ni kama kikwamizo au irabu: inahitaji mkondo unaoendelea kusukumwa, na unaweza kubadilishwa ukiwa njiani.

Itifaki ya MIDI, iliyotokea mwaka 1983 ili vyombo vya kielektroniki vya kampuni mbalimbali viweze kuwasiliana, ililijua tatizo hili. MIDI haibebi sauti yenyewe. Hubeba maagizo: noti gani imebonyezwa, kwa kasi gani, na imeachiwa lini. Kasi ya kubonyeza hupewa thamani isiyozidi 127, nayo hutosha kwa piano na ngoma. Kwa ajili ya noti inayodumu kuna agizo la aina nyingine, lenye namba ya kidhibiti na thamani kati ya 0 na 127, linaloweza kutumwa mara nyingi noti ikiwa inaendelea. Mpigaji hulituma kwa gurudumu lililo kando ya kinanda, kwa kitufe cha kuteleza, au kwa pedali ya mguu.

3.0 Vidhibiti vitatu

Kidhibiti namba 7 huweka ukubwa wa sauti wa mkondo mzima. Ni sawa na kitufe cha miksa: fidla ziwe kubwa kiasi gani mbele ya besi na ngoma. Kikishawekwa, hakina haja ya kuguswa ovyo.

Kidhibiti namba 11, ambacho Kiingereza hukiita kwa neno lenye maana ya kudhihirisha hisia, hakidhihirishi hisia yoyote. Kazi yake ni kupunguza au kurudisha ukubwa uliokwisha kuwekwa na namba 7. Namba 7 huweka dari, na namba 11 hupanda na kushuka chini ya dari hiyo. Kanuni inayopendekezwa kwa vyombo vinavyofuata mpango wa General MIDI wa mwaka 1991 ni kwamba upungufu kwa desibeli ni mara 40 ya logi ya kumi ya thamani iliyogawanywa kwa 127. Hivyo namba 7 ikiwa 100 tumepungukiwa na desibeli 4 na kitu. Namba 11 ikiwa 64 zinapungua nyingine 12 hivi. Jumla ni takriban 16. Mwanafunzi anayedhani 64 ni nusu ya sauti hushangaa, maana kwa sikio la mwanadamu ni chini ya nusu. Programu si zote zinazoifuata kanuni hii kikamilifu, lakini uhusiano wa kuzidishana kati ya vidhibiti hivi viwili ni wa kawaida.

Ubaya wa kuvichanganya huonekana siku ya mwisho ya kazi. Mtunzi aliyepandisha na kushusha fidla zake kwa namba 7 tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, akitaka sasa safu nzima ishuke kidogo ili mwimbaji asikike, hana mahali pa kushika: kila mahali ameandika thamani nyingine.

Kidhibiti namba 1 ni habari nyingine kabisa. Hapo awali gurudumu lake lilikusudiwa hasa kwa mtetemo. Maktaba za sampuli za okestra, kwa mfano za Spitfire Audio ya London, zimekipa kazi mpya. Maktaba ya sampuli ni hazina ya rekodi za wapigaji halisi, waliopiga noti moja moja mbele ya kinasa sauti, na kila noti kwa viwango kadhaa: kwa upole, kwa wastani, kwa nguvu. Kidhibiti namba 1 huhama kutoka rekodi ya upole kwenda rekodi ya nguvu, moja ikififia huku nyingine ikiingia. Katika safu ya fidla nyingi mpito huo hausikiki kwa urahisi. Kwa fidla moja, mahali pa makutano sikio kali husikia wapigaji wawili. Tena, namba 1 ikishushwa hadi 0, maktaba nyingi hazinyamazi: inabaki rekodi ya upole kabisa. Anayetaka kufikia ukimya itampasa atumie namba 11.

4.0 Ushahidi wa Kariakoo

Tofauti kati ya kundi la namba 7 na 11 kwa upande mmoja na namba 1 kwa upande wa pili husikika bila kompyuta yoyote katika mitaa ya Kariakoo. Mchuuzi mmoja ananadi nguo kwa kinywa chake. Jirani yake amejirekodi akitaja bei kwa sauti ya mazungumzo, kisha rekodi hiyo inarudiwa kutwa nzima katika spika ndogo. Huenda spika ikawa na desibeli nyingi kuliko kinywa. Hata hivyo, mpita njia aliye mbali anatambua mara moja nani anaita na nani anazungumza.

Fonetiki inaeleza kwa nini. Anayeita husukuma hewa ya mapafu kwa nguvu zaidi, nyuzi sauti hujifunga kwa ghafla zaidi, kidatu hupanda, taya hushuka na irabu hubadilika ubora, na haramoniki za juu huongezeka kwa uwiano mkubwa kuliko za chini. Tabia ya msemaji kupaza sauti yake pasipo kukusudia penye kelele ilielezwa na Mfaransa Étienne Lombard mwaka 1911, na inabeba jina lake hadi leo. Spika haifanyi lolote kati ya hayo. Inachukua mazungumzo na kuyafanya makubwa, nayo yanabaki mazungumzo. Vivyo hivyo, uta unaokandamizwa hutoa haramoniki za juu ambazo uta mlegevu hauna. Rekodi ya upole ikikuzwa kwa namba 11 ni mnong'ono karibu na sikio. Rekodi ya nguvu ikipunguzwa ni ukelele unaotoka mbali. Hapa ndipo fidla "zilizokufa" za kinanda zinapopatikana: pedali ilikuwepo, lakini ilibadilisha kiasi tu na kuuacha mlio vilevile.

Kiswahili kinalijua jambo hili. Tunasema "ongeza sauti ya redio". Hatusemi "paza sauti ya redio", labda kwa mzaha. Kwa mtu, vitenzi vyote viwili hukubalika: mhadhiri asiyesikika huambiwa "ongeza sauti" na pia "paza sauti". Kwa hiyo uhusiano wao si wa visawe. Kuongeza ni jina la jumla. Kupaza ni hiponimu yake inayodai mtenda mwenye juhudi ya mwili.

5.0 Istilahi

Kwa kidhibiti namba 7 tunapendekeza kiwango. Wauzaji wa miksa na spika wataendelea kusema volyumu, na hatuoni dhara, ilimradi neno hilo libaki kwa namba 7 peke yake. Kwa namba 11 tunapendekeza mpandisho. Majaribio ya kuiita udhihirisho au hisia yakataliwe, kwa kuwa yanahamisha kosa la Kiingereza na kulipa uraia. Kwa kazi mpya ya namba 1 tunapendekeza mpazo. Uundaji wake ni wa kawaida: kaza hutoa mkazo, tikisa hutoa mtikiso, na paza hutoa mpazo. Ufanano wake na mkazo ni faida, kwani mkazo nao katika silabi ni juhudi ya utamkaji zaidi ya kuwa kiasi cha mlio.

Pingamizi kubwa ni neno kipaza sauti. Hicho hakina mwili wala juhudi, na bado tumekiita kipaza. Tena jina hilo hilo hupewa chombo kinachopokea sauti na kile kinachoitoa. Jibu letu ni kwamba neno hilo liliundwa kwa kukiangalia chombo kama mtumishi wa msemaji, na matumizi yake hayajaifuta tofauti iliyomo katika vitenzi: mwenye kipaza sauti mkononi bado huambiwa asipaze sauti, kwa kuwa anasikika. Panapohitajika usahihi, kikuza sauti kipo, na kitenzi kuza, kinachotokana na kua, kinaeleza vema ukubwa usiogusa tabia.

Kinabaki kidhibiti namba 2, ambacho mpigaji hukiendesha kwa kupuliza katika kifaa maalumu. Wanaotunga kwa nai na filimbi hukihitaji, na jina lake, pumzi, halihitaji kuundwa.